Lile pori la kwetu lina mwenyewe

Bibi yangu alikuwa haendi msituni, alikuwa anaenda porini. Neno msitu kwetu lilikuwa la mbali kidogo, msitu ni ule wa juu milimani Ukaguru wenye ukungu, wa serikali, ukikutwa na panga kule lazima uulizwe. Pori ni hili la hapa nyuma ya mashamba, ukitoka kisimani unatembea dakika ishirini ushafika, mitondoro na miombo imejaa, mininga mmoja mmoja, na bibi analijua kama anavyolijua jiko lake. Mvua za kwanza zikishapiga anaaga alfajiri na kikapu, anarudi na uyoga, na kuni kichwani, na gome la mti kalifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya tumbo la mjukuu. Sikuwahi kumsikia hata siku moja akisema msitu wetu. Pori tu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulikuwa na arobaini yake, nikapanda treni ya SGR hapa Morogoro nikashuka Kilosa, kutoka pale bodaboda zaidi ya saa nzima mpaka kijijini kwa kina mama. Dua ikaisha, watu wakala, wanaume tukakaa chini ya mwembe kama kawaida, na mjomba wangu ambaye siku zote ni mtu wa maneno machache nikaona leo ana kitu kimemkaa kooni. Nikamwambia mjomba vipi, mbona hivyo. Ndo akanieleza. Kuna mtu kaja kutoka mjini anaomba heka mia tatu za lile pori alime ufuta, serikali ya kijiji imeshakaa naye mara mbili, mkutano mkuu haujaitishwa, na kwenye kikao cha pili mjumbe mmoja alisema hivi, mjomba alirudia kwa sauti ileile: "Kwani pale kuna nini? Si pori tu, halina mwenyewe."

Akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "Mjomba, wewe unasomasoma. Hebu niambie, lile pori ni la nani?"

Nikamjibu ni la kijiji. Akaniuliza nani kasema, imeandikwa wapi, mtu akija na karatasi zake za mjini mimi namuonesha karatasi gani? Nikamuomba anipe muda. Kwa hiyo wiki tatu hizi nimekuwa nasoma sheria na ripoti za misitu kila nikitoka kazini, na nilichokikuta nimeona nisimpelekee mjomba peke yake, maana hilo swali lake linagusa karibu nusu ya misitu ya nchi hii, na sisemi hivyo kwa kukuza maneno, ndo hesabu yenyewe ilivyo.

Tuanze na ukubwa. Kati ya 2009 na 2014 serikali ilifanya tathmini kubwa ya misitu ya Tanzania Bara, inaitwa NAFORMA, watu wakaenda kupima miti kwenye plot, yaani vipande vya kupimia, zaidi ya 30,000 nchi nzima, mtu anashika mti anaupima unene usawa wa kifua, anaandika jina lake, anahama, na ripoti ikatoka 2015. Ikasema tuna misitu hekta milioni 48.1, yaani asilimia 55 ya nchi kavu ya Tanzania Bara. Najua kuna mtu atashangaa, atasema mbona nikisafiri na basi kutoka Dar mpaka Dodoma sioni huo msitu wa asilimia 55. Unaona, ila hauiti msitu. Kwenye Sheria ya Misitu ya 2002 msitu ni eneo ambalo vivuli vya matawi ya miti vinafunika walau asilimia 10 ya ardhi. Asilimia 10 tu! Kwa hiyo yale mapori ya miti iliyoachana, nyasi katikati, ng'ombe wanapita, nayo ni misitu kisheria. Na zaidi ya asilimia 90 ya misitu yetu ni ya namna hiyo, miombo kwa wingi. Ile misitu minene ya picha za kalenda, Usambara, Uluguru, Udzungwa, ni kipande kidogo sana cha hesabu nzima, japo ndo inayotupa maji ya mito mingi.

Maana yake bibi alipokuwa anasema pori, alikuwa anazungumzia kitu ambacho ndo msitu wenyewe wa Tanzania.

Sasa umiliki. NAFORMA imegawa hivi: serikali kuu inashika asilimia 34.5, hapo ndo kuna misitu ya hifadhi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mafinga, pamoja na misitu iliyo ndani ya hifadhi za taifa na mapori ya akiba, kwa sisi wa Kilosa ukisema Mikumi umeshaelewa. Halmashauri asilimia 6.5. Watu binafsi 7.3, ukipita Njombe na Mufindi ukaona misindano na milingoti imepangwa mistari mpaka upeo wa macho ujue nyingi ni za wakulima wa kawaida kabisa wenye heka mbili tatu. Ardhi ya jumla, nitaieleza mbele, 5.7. Na vijiji asilimia 45.7.

Rudia kusoma hiyo ya mwisho. Vijiji vina misitu mingi kuliko serikali kuu. Piga hesabu ya 45.7 kwenye milioni 48.1 unapata karibu hekta milioni 22, ukitaka picha ya ukubwa wake chukua nchi kavu yote ya Uganda, inazidi hapo. Hiyo ndo mali iliyo mikononi mwa vijiji vyetu zaidi ya 12,000, na wengi wa wenye mali hawajui kama wanayo, au wanajua kwa mazoea tu, kama bibi alivyojua, bila karatasi.

Ilifikaje huko? Wajerumani walipokuja walianza kutenga misitu ya maana kwao, milimani kwenye vyanzo vya maji na mikoko ya delta ya Rufiji, Waingereza wakaendeleza baada ya kuchukua nchi, na orodha ile ya misitu ya hifadhi serikali yetu ikaipokea baada ya uhuru. Yaliyobaki nje ya mipaka ile, tambarare kubwa za miombo, hayakuwa na jina. Watu walilima, walichunga, walitambika, walirina asali. Halafu vikaja vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, watu wakahamishwa wakakusanywa, na maeneo makubwa yakaachwa nyuma yakarudi kuwa mapori, lakini bado yako kwenye mipaka ya vijiji. Ikaja Sera ya Misitu ya 1998 ikasema kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba wananchi washirikishwe na wamiliki, ikafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na ile ya Misitu ya 2002.

Hapa sasa kwenye sheria ndo nataka tutulie, maana ndo swali la mjomba lilipo.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, kwa hiyo hata kijiji hakimiliki kama unavyomiliki kuku wako, kinasimamia kwa niaba ya wanakijiji wote. Lakini ndani ya udhamini huo ardhi imegawanywa mafungu matatu: ya hifadhi, ya kijiji na ya jumla. Sheria Namba 5 inasema ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo mipaka yake imekubaliwa na majirani, na hata ile ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria kupita, na matumizi yanayotajwa sio kulima tu, ardhi iliyopumzishwa imo, malisho yamo. Kwa sheria hiyo pori la bibi ni la kijiji asubuhi na mapema. Na sheria hiyohiyo inasema halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Sio vikao viwili vya wajumbe. Mkutano mkuu, watu wazima wote wa kijiji, wanawake na wanaume, chini ya mti.

Lakini mwaka huohuo, 1999, ilipitishwa sheria nyingine pacha yake, Sheria ya Ardhi Namba 4, na ile tafsiri yake ya ardhi ya jumla imeongeza maneno machache ambayo mimi niliyasoma mara nne nikihisi nimekosea: inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, na inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika! Yaani sheria moja inasema hii ni ya kijiji hata kama umeipumzisha, ya pili inafungua mlango mtu aseme aah hapa hapatumiki, pori tu, kwa hiyo ni ardhi ya jumla. Wanasheria wanabishana juu ya hili mpaka leo. Ila kwa mtu anayekuja na hela kutafuta ardhi huo mlango unamtosha. Yule mjumbe aliposema halina mwenyewe, bila kujua alikuwa anarudia kwa Kiswahili cha kijiweni kitu ambacho kimo kwenye kitabu cha sheria.

Na ndo maana hili neno pori linaniuma sasa hivi. Ukiliita pori umeshasema halitumiki. Bibi alikuwa analitumia kila wiki ya maisha yake.

Dawa ipo na ipo kwenye sheria ya 2002. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake kikautangaza kuwa Msitu wa Hifadhi ya Ardhi ya Kijiji. Mkutano mkuu unakaa unaamua, inachaguliwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji, mipaka inatembelewa pamoja na vijiji jirani, miti inapimwa, unaandikwa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, halmashauri ya wilaya inapitisha. Baada ya hapo neno halitumiki halina pa kusimama, maana matumizi yake yameandikwa: hapa ni hifadhi ya chanzo cha maji, hapa mbao, hapa mkaa, hapa mizinga. Na kuna jambo kubwa la hela. Kwenye msitu wa kijiji ambao haujatengwa, kibali cha kuvuna na mrabaha, yaani ada inayolipwa kwa kila mti unaovunwa, vinaenda serikalini, kijiji kinaambulia kidogo sana au hakiambulii kabisa. Ukishautenga, mti ni wako, mnunuzi anakulipa wewe kijiji, na hela inakaa kijijini.

Hili sio nadharia. Siku ya pili ya arobaini mjomba alinichukua kwa pikipiki mpaka kijiji cha jirani, ng'ambo ya mto, wao walishatenga. Kilosa ni moja ya sehemu ambako kuanzia 2012 mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA yalisaidia vijiji kuvuna mkaa kwa mpango, watu wakakuita kichaa ukisema mkaa unaweza kutunza msitu, lakini njoo uone. Kwenye ofisi yao ya kijiji kuna ramani ya msitu ukutani, imechorwa viboksi kama ubao wa drafti, kila kiboksi ni mita 50 kwa 50. Unavuna kimoja, cha pembeni unaacha, na ulichovuna hakiguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Kando ya mto hapaguswi, kwenye miinuko mikali hapaguswi, mti wa mbao hauchomwi mkaa, mti wenye viota unaachwa.

Tukaingia msituni na kijana mmoja wa kamati yao. Akatupeleka kwenye kiboksi kilichovunwa miaka michache nyuma, mimi nilitegemea uwanja mtupu. Akainama kwenye kisiki cha mtondoro, kimekatwa kwa mshazari chini kidogo ya goti, gome lake halijachunwa, na kukizunguka yametoka machipukizi, nikayahesabu kwa kidole, saba, mawili yashanipita urefu na yamenenepa kama kifundo cha mkono. Akaniambia mizizi ya chini ni ileile ya zamani, haijafa, ndo maana yanakimbia hivi, ukipanda mche mpya hapa utausubiri mpaka uchoke. Kazi yao ni kuzuia moto na jembe tu. Mti ukikatwa haufi, akasema, kinachoua ni kung'oa kisiki na kulima.

Mbele kidogo kulikuwa na tanuru linaendelea, limelala kama kaburi refu, magogo ndani, nyasi juu yake na udongo juu ya nyasi, bomba la moshi kwa nyuma. Mchomaji mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kigogo anaangalia moshi, anasema ukiwa mweupe mzito bado ni maji ya mti yanatoka, ukianza kuwa wa bluu mwepesi unajua umeiva, ukichelewa hapo unapata majivu, kwa hiyo hapati usingizi siku hizo. Ana kitambulisho cha kijiji, analipa ushuru wa gunia kwa kijiji, anapewa risiti. Zahanati niliyoiona barabarani ilijengwa kwa hela hizo, na kisima, na mwaka mmoja walilipia kaya bima ya afya ya jamii. Kwa hela ya mkaa.

Tukarudi upande wetu wa mto. Tulipita shamba jipya la mtu aliyeingia mwaka jana, mabua ya ufuta yamesimama makavu, katikati magogo ya miombo yameungua nusu, hata mkaa hawakuchoma, wamewasha moto tu ardhi iwe wazi. Visiki vimechomwa mpaka mizizini, ukigusa vinamomonyoka kwenye vidole. Hakuna chipukizi hata moja. Kati ya pale na kile kisiki cha machipukizi saba ni kama kilomita tano, udongo uleule, mvua ileile, miti ya aina moja. Tofauti ni kwamba upande mmoja watu waliandika kuwa msitu ni wao.

Na sio Kilosa peke yake. Babati, msitu wa Duru-Haitemba, mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuuchukua uwe wa hifadhi ya serikali, wanakijiji wakakataa wakasema tuachieni tutautunza wenyewe, na vijiji nane vikaugawana kila kimoja na kipande chake, vikaweka walinzi wao na sheria ndogo zao, na mfano ule ndo ulisaidia kuzaa sera ya 1998. Kiteto wana SULEDO, jina limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo, zaidi ya hekta 160,000, wakulima na wafugaji wa Kimasai ndani ya mpango mmoja, 2002 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilianza, 2009 misitu yao ya mpingo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kuonesha kwamba msitu unavunwa kwa utunzaji, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI, mpingo ambao kabla ya hapo ulikuwa unaondoka usiku kwenye malori kwa bei ya kutupa, mti wa kutengenezea klarineti za Ulaya, sasa kijiji kinakaa mezani na mnunuzi kinapanga bei. Nanjirinji nao hukohuko Kilwa wana msitu mkubwa mno na wamejenga vitu vingi kwa hela ya mbao.

Wa kusini wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, likawa baraka kwa watu na likawa njia ya magogo pia, Lindi na Mtwara zikafunguka, na ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ikaja kusema mpaka asilimia 96 ya mapato yaliyotakiwa kukusanywa na wilaya kwenye magogo yalipotea. Mia moja ilitakiwa, wamepata nne. Magogo yale mengi yalitoka wapi? Kwenye mapori yasiyo na mwenyewe.

Sasa mtu atauliza, kama ni kitu kizuri hivyo mbona vijiji vyote havijafanya. Hesabu za Wizara za 2012 zinaonesha misitu iliyo chini ya usimamizi wa vijiji ilikuwa takriban hekta milioni 2.4. Kati ya ile milioni 22 hiyo ni kama sehemu moja ya kumi. Na sababu ukimuuliza mjomba atakwambia kwa neno moja, gharama. Kupima mipaka, mpango wa matumizi bora ya ardhi, kuhesabu miti, kuandika mpango wa usimamizi, wataalamu kutoka wilayani wanahitaji mafuta na posho, kijiji ambacho hata meza ya ofisi ni ya kuazima kitatoa wapi? Ndo maana ukitazama vijiji vilivyofanikiwa karibu vyote kulikuwa na mradi nyuma yake, shirika, mfadhili. Kijiji kisicho na mradi kinabaki kinasubiri. Mimi naona hapo ndo tumekwama kama nchi, tumeandika sheria nzuri kuliko nchi nyingi halafu tumeiweka kwenye rafu ya juu ambayo mwanakijiji haifikii mpaka apate ngazi ya mzungu. Hela ya kupima msitu wa kijiji ingetoka kwenye mrabaha wa misitu hiyohiyo, sehemu kidogo tu kila mwaka, vijiji vingekuwa vinapimwa vyenyewe.

Wakati tunasubiri, makadirio ya serikali ni kwamba kati ya 2002 na 2013 tulikuwa tunapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Gawa kwa siku 365, ni karibu hekta 1,300 kwa siku, na kilimo ndo kinachochukua sehemu kubwa. Na upande wa matumizi NAFORMA ilisema misitu inaweza kutoa mita za ujazo milioni 42.8 za miti kwa mwaka bila kuisha, sisi tunahitaji milioni 62.3. Hiyo pungufu ya milioni 19.5 inakatwa kwenye mtaji wenyewe. Na wanaotumia sehemu kubwa ya mkaa ni sisi wa mjini, mimi hapa jikoni kwangu Morogoro nina jiko la gesi na bado nina jiko la mkaa kwa ajili ya maharage, sijafika pa kuliacha. 2024 serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, naomba kwa moyo wote lifikiwe, lakini ile kilomita tano kati ya visiki viwili imenionesha kwamba hata mkaa ukiisha kesho ufuta upo, mahindi yapo, na heka mia tatu bado zitaombwa.

Basi. Jumapili mbili zilizopita nilirudi kijijini na karatasi. Nilikuwa nimechapa kile kifungu cha mkutano mkuu kwa herufi kubwa maana macho ya mjomba siku hizi yanamsumbua, na ile tafsiri ya ardhi ya kijiji yenye miaka 12, na zile namba za nani ana nini. Tukakaa kibarazani tukasoma pamoja taratibu, akawa ananisimamisha kila mstari, akafika kwenye 45.7 akavua miwani. Akaniuliza, "Vijiji? Kuzidi serikali?" Nikamwambia ndio mjomba. Akakunja ile karatasi akaiweka mfuko wa shati, akatoka akaenda kwa mwenyekiti usiku uleule.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi. Sikuwepo, nilikuwa kazini, alinipigia jioni simu ikiwa inakatikakatika. Watu walijaa. Yule bwana wa ufuta hakuja, alituma mtu. Mjomba anasema alisimama mama mmoja mzee, rafiki wa bibi, akasema mimi kuni zangu zinatoka pale, uyoga wangu unatoka pale, dawa ya wajukuu inatoka pale, sasa huyu anayesema hapatumiki anaishi kijiji gani? Ombi halikupita. Wameandika barua kwenda wilayani kuomba mpango wa matumizi bora ya ardhi, wameambiwa wapo kwenye foleni, haijulikani lini. Kwa hiyo hawana bado hifadhi, hawana mpango, wana muhtasari wa kikao wenye sahihi na mahudhurio.

Juzi akanitumia voisi noti ndefu, upepo mwingi, anahema. Wamechaguana watu kumi na wawili na wazee wawili wa kijiji cha ng'ambo, wakazunguka mpakani mwa msitu siku nzima, wameanzia kwenye mkuyu wa kisimani, wakashuka na korongo mpaka mtoni, wakafuata mto mpaka kwenye jiwe ambalo bibi alikuwa anapumzikia na kuni, pale wakapandisha. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha kila kona na simu inayoonesha GPS. Amesema msitu wetu ni mkubwa kuliko alivyokuwa anafikiri. Alisema msitu, nimeirudia hiyo noti mara mbili kuhakikisha.

Mwisho akaniambia nikija mwisho wa mwezi nije na rangi nyekundu makopo mawili makubwa, ya mafuta sio ya maji, na brashi tatu, za kuwekea alama miti ya mpakani.